Ngozi ya mamba huenda ng'ambo, makovu yabaki Tharaka

Kibanda changu kipo hatua chache kutoka ukuta wa uwanja wa Kinoru, hapa Meru. Kwa miaka 31 nimeshona na kurekebisha vitu vya ngozi mahali hapa: viatu, mishipi, mikoba, viti vya pikipiki, na kila Jumamosi mipira ya watoto wanaofanya mazoezi uwanjani. Fundi wa viatu huanza kumtazama mtu miguuni. Juni 1, 2018, sherehe za Madaraka zilipoletwa Kinoru, wenzangu walinyoosha shingo wamwone Rais. Mimi niliangalia viatu vya wageni wakiingia langoni. Vya magamba vilikuwa vingi, na karibu vyote vilikuwa ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa kwa mashine, magamba yakijirudia sare kama vigae vya sakafuni. Pea mbili tu zilikuwa za mnyama mwenyewe. Magamba ya mnyama hayajirudii.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya mkoba ulioletwa kwangu mwezi uliopita. Aliyeuleta ni mama wa rika langu, ameufunga ndani ya leso na kuutia kwenye mfuko wa sukari.

"Muga, fundi."

"Muga, mama. Karibu kiti."

"Zipu imekufa. Lakini uiangalie vizuri, hii si ngozi ya kuchezea. Ni aligeta. Marehemu shangazi alipewa na bibi wa Kizungu aliyemfanyia kazi kule Timau, kabla ya Uhuru."

Niliupeleka mlangoni penye mwanga, nikatoa kioo cha kukuzia. Ngozi ilikuwa ya rangi ya kahawa iliyokolea, imekauka pembeni, lakini katikati bado inang'aa kama mbegu ya mparachichi iliyopanguswa. Nikalipitia gamba moja moja. Karibu na ukingo wa kila gamba palikuwa na kitone kidogo, kama mtu amepachoma kwa ncha ya sindano bila kutoboa. Kitone hicho ni alama ya kinundu cha hisia. Mamba akiwa majini hukitumia kuhisi mtikisiko wa maji, na hata ngozi ikishatiwa dawa, ikapigwa rangi na kung'arishwa kwa jiwe, kitone hakifutiki. Aligeta wa Marekani anavyo vinundu hivyo kichwani tu. Tumboni hana. Badala yake, ngozi ya tumbo lake huwa na kovu la kitovu lililotandaa kama utando wa buibui, na mafundi wa ng'ambo hulipanga makusudi lionekane mbele ya mkoba, mnunuzi ajue anacholipia.

"Mama, huyu si aligeta. Huyu ni mamba."

"Mamba kama wale wa Tana?"

"Kama wale wa Tana."

Aliketi. Akaupokea mkoba, akapitisha kidole juu ya magamba polepole, kisha akasema neno ambalo halijanitoka kichwani: "Basi shangazi alikwenda kanisani miaka yote hiyo amembeba jirani yetu."

Kosa halikuwa lake. Wauzaji wa zamani waliita aligeta karibu kila ngozi ya jamii hii, hata ikiwa imetoka katika mto wa Afrika, kwa kuwa jina hilo ndilo lililotangulia madukani. Lilitangulia kwa sababu Wamarekani walianza mapema. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, majimbo ya Kusini yalipungukiwa na ngozi ya ng'ombe, watu wakaingia kwenye vinamasi kumtafuta aligeta wapate viatu na matandiko ya farasi. Vita vikaisha, mitindo ikapokea. Viwanda vya New York na Ulaya vikataka ngozi za viatu, pochi na masanduku ya safari, na wawindaji wa Louisiana na Florida wakazileta kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka, mpaka vinamasi vikanyamaza. Louisiana ilifunga uwindaji mwaka 1962. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ikamwandika aligeta katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Soko halikufunga duka. Lilikuwa tayari limeijua mito yetu.

Mto Kathita hutoka Mlima Kenya, hupita bondeni hapa mjini Meru, huteremka Tharaka na kumwagika Tana. Maji unayoyaona chini ya daraja hapa mjini leo yataishia kwa mamba. Marehemu baba aliijua njia hiyo yote kwa miguu. Kazi yake ilikuwa kununua ngozi za mbuzi na ng'ombe huko Marimanti na vijiji vya jirani, akizipandisha hadi Meru. Alikuwa na banda la kuwambia, fremu za fito zilizofungwa kamba, kwa kuwa ngozi iliyoanikwa chini juani hubabuka na kushika mchanga, na iliyowambwa kivulini hewa ikaipita pande zote mbili huchukua bei ya juu. Nililelewa katika harufu ile. Wapo wanaofumba pua. Mimi hunikumbusha ada ya shule.

Mwaka mmoja kabla ya mafuriko makubwa ya 1961, baba akiwa kijana, alikuja mnunuzi kutoka nje aliyetaka ngozi za mamba. Aliwapa vijana wa mtoni tochi na magunia mawili ya chumvi. Kazi ilifanywa usiku usio na mwezi. Ukimulika maji, macho ya mamba hurudisha mwanga mwekundu, na akishatekwa na mwanga huo hukuacha umkaribie. Mmoja alishika tochi, mwingine mkuki wenye kamba. Baba hakuingia majini. Yeye alisubiri ukingoni na kisu, kwa sababu mchunaji mzuri ndiye anayeamua bei. Kisu hufuata ubavu, chini kidogo ya safu za mifupa ya mgongoni. Mgongo wa mamba una vibao vya mfupa ndani ya ngozi, haukunjiki, haushoneki. Kilichotakiwa ni tumbo, koo na mbavu. Sehemu nyingine yote iliachwa mchangani.

Baada ya hapo, alisema baba, unashindana na jua. Ngozi ya mamba haivumilii kama ya mbuzi. Lazima nyama isuguliwe hadi itoke yote, kisha chumvi nyingi ikandamizwe ndani, hata kwenye mikunjo, ngozi iviringishwe na kuwekwa kivulini. Chumvi yao iliisha kabla ya ngozi kwisha. Tatu za mwisho walizipaka jivu. Walipofika juu mlimani siku ya tatu, mnunuzi alizikunjua, akabana gamba moja kwa vidole, likatoka. Baba alikuwa akinionyesha kwa kidole gumba na cha shahada, jinsi gamba lilivyobanduka kama ganda la kitunguu. Mnunuzi akazitupa zote tatu pembeni na kulipia zilizobaki. Mojawapo ya hizo tatu ilikuwa ya kijana aliyeng'atwa paja akimvuta mamba huyo nje. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na mguu ule haukunyooka tena.

Waswahili husema mwamba ngozi huvutia kwake. Nimeisikia methali hiyo ikitumiwa kwa siasa, kwa urithi wa mashamba, kwa kila jambo. Mimi huisikia kama ilivyo, kwa sababu nimewamba ngozi tangu utotoni. Kamba unazivuta kuelekea kwako, na ngozi haina la kufanya ila kunyooka upande wako. Katika biashara ya mamba, mwambaji hajawahi kukaa Tharaka, wala Mbeere, wala Tana ya chini. Ndilo ninalotaka kulisema leo, na nalisema kwa kaunti zetu na kwa shirika la wanyamapori, KWS: kamba hizo sasa zivutwe huku.

Yaliyompata kijana yule ni tone tu la mto mkubwa. Katika miaka ya 1950 Uganda ilikuwa kimojawapo cha vitovu vya biashara hii, katika Ziwa Kyoga, Ziwa Albert na Ziwa Victoria. Serikali za kikoloni zilimhesabu mamba kuwa mharibifu, anayekula samaki wa watu na kurarua nyavu, kwa hiyo kumuua kulionekana kuwa faida mara mbili. Mwanazuolojia Mwingereza, Hugh Cott, alifanya uchunguzi Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, akachapisha ripoti yake mwaka 1961. Alipasua matumbo ya mamba aone walichokula. Wadogo walikuwa wamekula wadudu, vyura na konokono. Alionya kwamba mnyama huyu anamalizwa kabla hata watu hawajajua kazi yake majini. Wataalamu wamekadiria kwamba kati ya 1950 na 1980 ngozi za mamba wa Nile zilizotoka barani Afrika zilipita milioni 3. Jaribu kuzihesabu kwa chumvi.

Mahali pamoja palinusurika, na sababu yake humfurahisha fundi. Katika Ziwa Turkana, ambalo wakati huo liliitwa Rudolf, mtafiti Alistair Graham alipewa kazi na idara ya wanyamapori ya Kenya kuwachunguza mamba wa huko. Mwaka 1965 na 1966 yeye na mpigapicha Peter Beard walipiga mamba 500. Walikuta kwamba ngozi ya tumbo ya mamba wa Turkana ina vifungo vya mfupa ndani ya magamba, vitu ambavyo mamba wa kwingine huwa navyo mgongoni. Ngozi ya namna hiyo inamshinda mshonaji. Maelfu ya mamba wakaendelea kuota jua ufukweni, kwa kuwa tumbo lao halikufaa kwa mkoba.

Mamba wetu wa Tana hawakuwa na vifungo.

Kisha milango ikafungwa. Mkataba wa CITES ulitiwa saini Washington Machi 1973 na kuanza kazi Julai 1975, mamba wa Nile akiwa kwenye jedwali la kwanza, lile linalokataza biashara. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, ikafunga maduka ya nyara za wanyamapori mwaka uliofuata, na mwisho wa 1978 ikajiunga na mkataba. Baba alikubaliana na marufuku hiyo. Alikuwa ameona mchanga mtupu mahali ambapo zamani hungethubutu kuoga. Baadaye idadi ilipoanza kupanda, mamba wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, walihamishiwa jedwali la pili. Maana yake, ngozi inaweza kuuzwa ng'ambo ikiwa na kibali na kitambulisho chake, na hasa ikitoka kwenye ufugaji: mayai huokotwa porini, yakaanguliwa shambani, na watoto wakalelewa humo miaka mitatu au minne. Mayai ya Tana ya chini yameingia katika mashamba ya Pwani kwa njia hiyo.

Unataka kujua tumbo hilo sasa lina thamani gani? Mei 2017, katika mnada wa Christie's huko Hong Kong, mkoba mmoja wa kampuni ya Hermès uliuzwa kwa zaidi ya dola 370,000, karibu Sh39 milioni kwa kiwango cha wakati ule. Kufuli lake lilikuwa na almasi, ni kweli. Lakini ngozi yake ilikuwa ya mamba wa Nile, na jina la mtindo huo ni Himalaya, kwa jinsi rangi inavyotoka kijivu pembeni hadi nyeupe katikati, kama theluji mlimani. Nilipoiona picha yake gazetini niliinua macho kutazama mlima wetu. Ulikuwa wazi asubuhi hiyo.

Sasa twende kwa shemeji.

Ni binamu wa mke wangu, anaishi Tharaka Kusini, mwendo wa nusu saa hadi Tana. Mwaka 2016, saa kumi na mbili asubuhi, aliinama kuchota maji. Mamba hamkimbilii mtu kama chui. Hulala chini ya maji hapo hapo ulipochota jana na juzi, kwa sababu amejifunza saa yako. Alimshika mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Aliyemwokoa ni binti yake wa miaka 13, aliyemsukumia mamba jerikani tupu usoni mpaka akaachia. Mkono ulibaki. Vidole viwili havikunji, na kutoka kiwiko hadi karibu na bega kuna safu ya makovu ambayo yeye huyafunika kwa sweta hata mchana wa Tharaka, na wanaoijua Tharaka mchana wanajua maana ya sweta huko.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtambua mamba kati ya wanyama ambao mtu akidhurika nao hulipwa: Sh5 milioni kwa kifo, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu, hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Shemeji alijaza fomu. Alipanda matatu na kuja mjini mara sita, akilala kwangu Kinoru. Katika afisi moja faili lake lilipotea, likafunguliwa jingine, nalo likakosa barua ya daktari ambayo yeye mwenyewe aliikabidhi mbele yangu. Hajalipwa hadi leo. Nilimshonea mkoba mdogo wa ngozi ya mbuzi wa kubebea nakala za karatasi hizo. Umeanza kuchakaa.

Upande wa Embu hali haina tofauti kubwa. Serikali ilipoijaza Tana kwa mabwawa ya umeme, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na mwisho Kiambere mwaka 1988, mamba walipata maji mapana yaliyotulia, na watu wa Mbeere wakapata samaki na hatari kwa pamoja. Nyaya za umeme huo zilipita juu ya vijiji vingi kwa miaka bila kuteremka. Nayataja haya ili msomaji wa Nairobi aelewe kwamba mtu wa mtoni ameshazoea kuona mali ya Tana ikipita kichwani mwake.

Pendekezo langu ni hili. Jike la mamba hutaga mayai 40, 50, hata 60, akayafukia mchangani na kuyalinda karibu miezi mitatu. Mengi hayafiki popote. Mto ukijaa huyazoa, na kenge huyachimbua mama akienda kujipoza majini. Wanaosema katika msafara wa mamba na kenge wamo hawajui jinsi kenge anavyousubiri msafara huo. Katika watoto 100 wanaoanguliwa, ni mmoja au wawili tu wanaokuwa wakubwa. Kwa hiyo mtu akiokota sehemu ya mayai kwa hesabu inayosimamiwa, mto haupungukiwi, hasa mfugaji akilazimika kurudisha mtoni sehemu ya watoto waliofikia kimo cha kujitetea. Louisiana ilifanya hivyo. Ilifungua tena uwindaji mwaka 1972 katika eneo dogo, kwa idadi maalumu, na baadaye ikaruhusu mayai kuokotwa, mfugaji akimlipa mwenye kinamasi kwa mayai yake na kurudisha sehemu ya watoto. Mwenye kinamasi akapata sababu ya kutokikausha. Mwaka 1987 aligeta aliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

Kwetu, mamba ni mali ya taifa na ardhi ya kando ya mto ni ya watu. Hapo ndipo malipo hupotelea. Katiba yetu, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe kwamba faida ya maliasili inagawanywa kwa haki. Basi kibali chochote cha kuokota mayai katika Tana, kutoka Masinga hadi baharini, kiandikwe malipo ya kila yai, na jina la kijiji kinacholipwa, na tarehe. Waokotaji wawe wenyeji, wafunzwe, walipwe. Na kabla ya yai la kwanza kuguswa, kijiji hicho kiwe na maji ya bomba au kisima, au angalau kizuizi cha nguzo na waya mtoni ambapo mama anaweza kuchota bila kuhesabu mawimbi. Leo kizuizi ni matawi ya mgunga yenye miiba yaliyorundikwa majini, na kopo lililofungwa kwenye mti mrefu. Nimekiona. Mvua moja hukichukua.

Wapo watakaonipinga kwa ajili ya mnyama mwenyewe, na nawaheshimu. Mwaka 2015, baada ya picha za ukatili katika mashamba ya kufugia kuonyeshwa, mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin aliitaka Hermès iondoe jina lake kwenye mkoba wa ngozi ya mamba hadi mambo yarekebishwe. Alifanya vyema. Mimi ninayechana ngozi kila siku nasema mnyama anayefugwa kwa ajili ya ngozi yake ana haki ya kuishi bila kusongamana na kufa mara moja, na daktari wa mifugo awe na ruhusa ya kuingia shambani siku yoyote bila taarifa. Lakini nawaomba wapinzani hao waje mtoni pia. Mamba asiye na faida kwa jirani yake huuawa kwa mshale au kwa nyama iliyotiwa sumu, na hakuna anayepiga picha. Usiku ule wa baada ya shemeji kujeruhiwa, vijana walitoka na tochi. Waliua watatu. Hakuna aliyejua kama mwenye hatia alikuwemo.

Wengine watasema mitindo hubadilika, na ni kweli. Chanel ilitangaza Desemba 2018 kwamba haitatumia tena ngozi za mamba na nyoka. Kampuni nyingine zikiifuata, bei itaanguka, na kijiji kilichotegemea mayai kitaanguka nayo. Ndiyo maana siiambii Tharaka ijenge maisha juu ya mamba. Ngozi ya kujengea maisha tunayo, ya mbuzi, na kila wiki naiona ikitupwa nyuma ya kichinjio kwa sababu hakuna wa kuinunua. Sheria ya mwaka 2016 iliweka tozo ya asilimia 80 kwa ngozi mbichi zinazotoka nchini, zipate kutengenezwa hapa, lakini kutoka Meru hadi kiwanda cha karibu cha kuzitia dawa nauli hula faida yote. Nitaandika juu ya mbuzi siku nyingine, kwa urefu unaostahili. Ninachodai kwa mamba ni kidogo na hakihitaji kiwanda: anayechukua kitu mtoni amlipe anayeishi na hatari ya mto huo, na alipe kwanza.

Magavana wa Embu, Tharaka Nithi, Meru na Tana River wanakunywa maji ya mto mmoja. Waketi meza moja na KWS kabla ya mvua za Novemba, wachapishe magazetini vibali vyote vya mayai vilivyowahi kutolewa Tana, nani alipewa, alichukua mangapi, alilipa nani. Na wewe msomaji unayeishi mtoni, ukimwona mtu na kreti akichimba mchanga, muulize kibali, ukisome, unakili nambari.

Mkoba wa yule mama niliumaliza Alhamisi. Niliutia zipu ya shaba, nikaushona kwa uzi uliopakwa nta, nikaipaka mafuta ngozi iliyokauka pembeni. Alikuja kuuchukua, akalipa, akauliza kama shemeji yangu anaendeleaje. Nikamwambia yuko salama. Asubuhi hiyo alikuwa amenipigia simu kutoka Tharaka, akiwa njiani kurudi nyumbani, na jerikani mgongoni, kutoka pale pale anapochota siku zote.